Kunywa chai bila chai: namna ya kukielewa kifungua kinywa cha Asia

Mtu wa pwani akikuuliza asubuhi kama umeshakunywa chai, haulizi habari za chai. Anataka kujua kama umekula, na jibu lako linaweza kuwa mihogo ya nazi, vitumbua, mbaazi kwa mandazi, au supu ya mbuzi iliyosindikizwa na chapati mbili. Wenyeji wa Guangzhou, kusini mwa China, wana usemi huo huo. Wakisema yum cha, yaani kunywa chai, wanamaanisha kukaa mezani saa nzima au mbili mbele ya vikapu vya mianzi vyenye maandazi ya mvuke, uji wa mchele na miguu ya kuku. Hata neno letu chai asili yake ni China, likapita Uajemi na India kabla ya kutufikia. Ninaanza na usemi huu kwa sababu wasafiri wengi wa Afrika Mashariki, wawe wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou au wagonjwa na ndugu zao wanaokwenda Chennai, kusini mwa India, kwa matibabu, hukiona kifungua kinywa cha Asia kuwa fumbo, ilhali ufunguo wake wameuacha nyumbani.

Fumbo lenyewe huanza hivi. Msafiri anaamka saa 12 asubuhi mjini Hanoi, Vietnam, anatoka nje kutafuta chochote cha kutuliza tumbo, na anakuta watu wazima waliovalia nguo za kazini wameinamia mabakuli ya tambi katika mchuzi wa ng'ombe, wakiwa wamekaa kwenye vigoda vya plastiki vinavyofaa watoto wa chekechea. Hakuna mkate, hakuna jemu, hakuna yai la kukaanga. Anajiuliza kama hiki ni kifungua kinywa au ni chakula cha mchana kilichowahi, kisha anarudi hotelini kula tosti iliyopoa. Amekosea kwa sababu amevigawa vyakula kwa ladha: vitamu na vyepesi ni vya asubuhi, vya chumvi na mchuzi ni vya mchana. Katika sehemu kubwa ya Asia ya kusini na mashariki mgawanyo huo haupo, na kwa kweli hata Dar es Salaam haupo, kwa kuwa anayekunywa supu ya makongoro saa 1 asubuhi hajiulizi kama amekosea saa.

Kinachokifanya chakula kiwe cha asubuhi katika nchi hizo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake imefanyika usiku. Rojo la mchele limechachuka wakati watu wamelala, mifupa imechemka tangu jioni, na mchele ulilowekwa jana ili usagwe alfajiri. Ukilishika jambo hilo moja, mengine yanayowasumbua wageni yanajieleza yenyewe: kwa nini muuzaji anapika chakula kimoja tu, kwa nini anafunga mapema, kwa nini chakula hicho hicho hakina ladha hotelini, na kwa nini tumbo la mgeni mara nyingi liko salama zaidi kwenye kigoda cha barabarani kuliko inavyodhaniwa.

Rojo linalolala Chennai

Mfano ulio wazi kuliko yote ni idli ya kusini mwa India. Ukiitazama ni kitumbua cheupe cha mvuke, cha mviringo, kilichotuna katikati na kuwa chembamba pembeni, na mtu asiyeijua huidhania kuwa haina ladha. Hutengenezwa kwa mchele pamoja na urad, nafaka ndogo ya jamii ya kunde yenye ganda jeusi, ndugu wa karibu wa choroko, kwa kipimo cha mchele vikombe vitatu au vinne kwa kikombe kimoja cha urad. Viwili hivyo hulowekwa mbalimbali kwa saa kadhaa na kusagwa mbalimbali, kwa kuwa urad inatakiwa isagwe mpaka ijae hewa na kuwa laini kama povu, wakati mchele unaachwa na chenga kidogo. Kisha huchanganywa, hutiwa chumvi, na kufunikwa hadi asubuhi.

Hamira haitiwi. Kazi ya kuumua hufanywa na bakteria, hasa aina iitwayo Leuconostoc mesenteroides, ambao tayari wamo kwenye nafaka zenyewe, na ambao hutoa gesi inayolipandisha rojo na asidi inayolipa uchachu mdogo. Kwa joto la Chennai saa nane zinatosha. Penye baridi huenda zikafika kumi na mbili au zaidi. Kukipambazuka rojo limefura, na kilichobaki ni kulimimina kwenye sahani zenye vishimo na kulipika kwa mvuke dakika kumi hivi. Saa za baadaye linaendelea kuchachuka hata likitaka lisitake, na linapokuwa chachu mno kwa idli hugeuzwa dosa, yule mkate mwembamba wa kukaangwa kwenye kikaango cha bapa, au uttapam, mnene zaidi na wenye vitunguu juu, kwa sababu moto mkali na mafuta vinaumudu uchachu ambao mvuke unaufichua. Watu wa Chennai hula idli hata jioni, ila ile ya alfajiri ndiyo iliyokutwa na mvuke katika saa yake.

Msomaji aliyekulia pwani atakuwa ameshatambua jamaa zake hapa. Vitumbua vyetu na mkate wa kumimina vinafuata njia ile ile ya mchele uliolowekwa, ukasagwa na kuachwa uumuke, isipokuwa sisi tunatia tui, iliki, sukari na hamira. Watamil, watu wa eneo la Chennai, wana hata kikaango chenye vishimo kinachofanana na chuma cha vitumbua kiasi cha kukufanya ucheke, nao hukipikia kitu kinachoitwa paniyaram, ambacho kina toleo la chumvi na toleo la sukari guru. Sitaki kudai nani alimfundisha nani. Bahari ya Hindi imepitisha watu na vyombo vya jikoni pande zote kwa karne nyingi.

Idli hailiwi peke yake, na hapo ndipo wageni wengi wanapoipunja. Inakuja na chatne ya nazi, mara nyingine na nyingine nyekundu ya nyanya au ya kijani ya giligilani, na bakuli la sambar, mchuzi wa mboga uliotiwa ukwaju na mvuje. Kinachoufanya mchuzi huo kuwa mzito ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Mkulima wa Babati, Lindi au Mtwara anazijua mbaazi hizo kuliko anavyoijua sambar, kwa maana soko lake kubwa ni India, na mwaka 2017 serikali ya India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei ilianguka shambani Tanzania hadi wengine wakaziacha bila kuvuna. Unapomega idli kwa vidole vya mkono wa kulia na kuichovya kwenye sambar mjini Chennai, inawezekana kabisa kwamba unakula zao la nyumbani.

Pembeni mwa idli utakutana na vada, ambayo ni bajia ya urad yenye tundu katikati, ngumu nje na laini ndani. Na pongal, mchele na choroko vilivyopikwa mpaka vikarojeka, vikatiwa samli, pilipili manga nzima, bizari nyembamba na korosho. Pongal ni tamu, lakini nakuonya kwamba baada yake utahitaji kulala, na wenyeji wenyewe hulifanyia mzaha jambo hilo. Migahawa mingi ya aina hii haiingizi nyama jikoni kabisa, hivyo Mwislamu anayechunga nyama ya halali hupata nafuu kubwa hapo, na kadhalika mgonjwa aliyeambiwa apunguze nyama.

Kahawa inastahili aya yake. Unga wa kahawa, ambao kwa kawaida umechanganywa na chikori, mzizi uliokaangwa na kusagwa, huwekwa kwenye chujio la chuma lenye vyumba viwili, maji ya moto yakamwagwa juu na kuachwa yadondoke polepole mpaka upatikane wino mzito mweusi. Wino huo huungwa kwa maziwa yanayochemka na sukari. Mhudumu anakuletea kikombe cha chuma kisicho na mkono, kimesimama ndani ya kibakuli cha chuma chenye ukingo mpana. Mgeni hukishika kikombe na kuungua vidole mara moja. Mwenyeji hukiinua kwa kukishika ukingoni tu, akamimina kahawa yote kwenye kibakuli kutoka juu, akairudisha, akaimimina tena, mpaka povu lipande na joto lishuke kiasi cha kunyweka. Kibakuli ndicho kipoozeo, na yeyote aliyewahi kuona muuza chai akipooza chai kwa kuimimina kutoka kikombe hiki kwenda kile ataushika mchezo huu siku ya kwanza.

Sufuria la Hanoi

Pho ya Hanoi inafuata kanuni ile ile kwa njia ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa moto mdogo saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni mpaka vikawa vyeusi kwa nje, mdalasini, na anisi yenye umbo la nyota. Povu huenguliwa kila mara ili mchuzi ubaki mwangavu. Asubuhi muuzaji anachovya tambi bapa za mchele kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, anazitia bakulini, anapanga nyama na majani ya kitunguu juu yake, kisha anamimina mchuzi. Ukiagiza tái unapewa vipande vyembamba vya nyama mbichi vinavyoivishwa na joto la mchuzi ule ule. Ukiagiza chín unapewa nyama iliyokwisha kuchemshwa. Gà ni kuku. Maneno hayo matatu yanatosha kumfikisha mtu popote asubuhi ya Hanoi, na ninampendekezea mwenye wasiwasi aanze na chín.

Chakula hiki si cha kale kama wengi wanavyodhani. Kilizaliwa kaskazini mwa Vietnam, maeneo ya Hanoi na Nam Dinh, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wafaransa, ambao walikula nyama ya ng'ombe kwa wingi katika nchi ambamo ng'ombe na nyati walikuwa hasa wa kulima. Kilipofika kusini, Saigon, kikaanza kuletwa na sinia la majani mabichi, machipukizi ya choroko na sosi tamu. Hanoi hawapendi vurugu hizo. Mezani utapewa ndimu, pilipili na siki yenye vitunguu saumu, na inatarajiwa uonje mchuzi kwanza kabla ya kuutia chochote, kwa heshima ya aliyekesha nao.

Sasa tazama hesabu ya muuzaji. Ana sufuria moja kubwa la mchuzi ambalo haliwezi kuongezwa maji bila wateja kugundua. Likiisha, siku imeisha. Vibanda vingi mashuhuri vya pho hufungua saa 12 au kabla yake, na vingine vikifika saa 4 vinaosha vyombo. Mimi niliikosa hivyo asubuhi yangu ya kwanza, kwa kuwa niliamua kuoga kwanza, kujibu ujumbe, kisha nishuke taratibu kama mtalii. Nilimkuta mama akimwaga maji ya moto kwenye sufuria tupu. Alinionyesha kwa kidole saa yake ya mkononi, akacheka, akaniashiria kesho.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini anauza kitu kimoja. Mtu mwenye sufuria moja, usiku mmoja na wateja wanaokimbilia kazini hawezi kuwa na orodha ya vyakula ishirini. Mgeni aliyezoea kuamini kwamba mgahawa mzuri ni wenye orodha ndefu atahitaji kugeuza mizani yake, kwani barabarani Asia orodha fupi ndiyo dalili njema.

Na hotelini ndipo mambo yanapoharibika, ingawa sina ugomvi na mpishi wa hoteli. Idli iliyokaa kwenye chombo cha kupashia hukauka ikawa kama sponji ya kuoshea vyombo. Tambi za pho zikikaa ndani ya mchuzi hunywa mchuzi wote zikavimba. Maandazi ya mafuta hulegea. Vyakula hivi vimeundwa kwa ajili ya kutoka motoni na kuingia mdomoni, wakati meza ya hoteli imeundwa kwa ajili ya kungoja saa tatu nzima, na hivyo vinavyostahimili meza hiyo ni soseji, mkate na mayai ya kuvuruga. Ndiyo maana meza ya asubuhi ya hoteli ya Bangkok inafanana na ya Nairobi.

Guangzhou: kunywa chai, na suala la nguruwe

Guangzhou ina asubuhi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya barabarani, na ni ya haraka. Muuzaji anamimina rojo jembamba la mchele kwenye trei ya chuma kama droo, anaongeza yai au kamba, anaisukuma ndani ya sanduku la mvuke, na kabla hujamaliza kutafuta hela anaivuta nje, anaikwangua kwa kibapa ikajikunja kama shuka linaloteleza kitandani, anaikata vipande na kuimwagia sosi ya soya. Hiyo ni cheung fun. Karibu naye kuna uji, ambao Wakantoni, wenyeji wa hapo, huuita juk: kipimo kimoja cha mchele kwa maji vipimo kumi au zaidi, ukichemka mpaka punje zipasuke na kupoteza umbo. Hautiwi sukari. Unatiwa samaki, kuku, mayai, tangawizi na chumvi, na Mswahili aliyezoea uji wa mchele wenye tui na iliki itambidi aufikirie kuwa ni mchuzi uliojificha, vinginevyo kijiko cha kwanza kitamshtua.

Uji huo huliwa pamoja na vijiti viwili virefu vya unga wa ngano vilivyobanwa pamoja na kukaangwa, vinavyoitwa youtiao, au kwa Kikantoni yau ja gwai, shetani aliyekaangwa. Masimulizi ya Wachina yanasema vijiti hivyo viwili ni waziri Qin Hui na mkewe, wanaolaumiwa kwa kifo cha jemadari Yue Fei mwaka 1142, hivyo wananchi wakaamua kuwakaanga kila asubuhi. Ukiweka hadithi pembeni, kuna sababu ya kiufundi ya kubana mikanda miwili: mahali inapogusana hapapatwi na mafuta mapema, panabaki laini, na mvuke unaozalishwa ndani unapata nafasi ya kulipanua andazi kabla ganda halijakauka. Ni andazi la chumvi, tupu ndani, na kazi yake ni kuzamishwa kwenye uji.

Asubuhi ya pili ni ya polepole, ile ya kunywa chai. Wazee huingia kwenye nyumba za chai alfajiri na magazeti yao, na desturi ya zamani waliiita kikombe kimoja na vipande viwili, maana yake chai na vitafunio viwili tu, kisha maongezi. Kwanza unachagua aina ya majani. Kisha vikombe na mabakuli husuuzwa mezani kwa chai ya kwanza, jambo ambalo wengine hulifanya kwa usafi na wengine kwa mazoea. Mtu akikumiminia chai unagonga meza kwa vidole viwili kumshukuru bila kukatiza mazungumzo. Birika likiisha, mfuniko huachwa wazi nusu, na mhudumu ataelewa kwamba maji yanahitajika. Msafiri akiyajua haya matatu atapokelewa kwa uso tofauti kabisa, kwa sababu hayo ndiyo adabu ya mezani, na adabu haihitaji kujua Kichina.

Hapa lazima nizungumzie nguruwe kwa uwazi, maana maelezo mengi huligusa jambo hili juu juu. Kusini mwa China, inapotajwa tu "nyama", ya nguruwe ndiyo hiyo, na mafuta yake ni kiungo hata pale ambapo jina la chakula halimtaji. Kikapu cha kamba kilichofungwa kwa ngozi nyembamba inayoonyesha ndani mara nyingi kina mafuta ya nguruwe kwenye mchanganyiko, ili kamba wasikauke. Keki ya figili nyeupe huwa na vipande vya soseji ya nguruwe. Uji unaoonekana mtupu huenda umepikwa kwa supu ya mifupa yake. Kwa hiyo swali "hiki ni cha nini?" halitoshi, na Mwislamu au Msabato akae nalo akilini. Njia nyepesi ni kutafuta migahawa yenye herufi 清真, zinazosomeka qingzhen, ambayo ndiyo alama ya vyakula vya Waislamu wa China. Mingi kati yake huuza tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, katika mchuzi wa ng'ombe, na kwao Lanzhou kwenyewe chakula hicho ni cha asubuhi hasa. Wenyewe husifu bakuli lililokamilika kwa rangi zake: mchuzi mwangavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, majani ya kijani na tambi za manjano. Maeneo ya Xiaobei, ambako Waafrika wengi hufikia, hayana uhaba wa migahawa ya halali ya Wachina, Waarabu na Waafrika wenyewe, ingawa ningesikitika kumwona mtu amevuka bahari ili ale ugali kila asubuhi.

Wali wa nazi na dagaa

Malaysia na Singapore nitazipitia kwa haraka, si kwa kuwa hazina mengi, ila kwa kuwa mtu wa Zanzibar au Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Nasi lemak ni wali wa nazi uliotiwa jani la pandani kwa harufu, ukaletwa na dagaa wakavu waliokaangwa, karanga, yai, tango na pilipili ya kusaga iliyopikwa mpaka ikawa tamu. Hufungwa kwenye jani la mgomba na kuuzwa asubuhi mapema. Roti canai ni ndugu wa chapati yetu yenye tabaka, ila huvurumishwa hewani mpaka iwe nyembamba kama kitambaa kabla ya kukunjwa, na huliwa kwa mchuzi wa dengu. Wauzaji wake wa jadi ni Waislamu wenye asili ya Kitamil, hivyo suala la halali halisumbui. Chai yake huvutwa angani kama ile kahawa ya Chennai, na ndiyo maana inaitwa teh tarik, chai ya kuvutwa. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia katika orodha ya urithi usioshikika, ikivitaja vyakula hivyo vitatu. Utamaduni wa vibanda vya chakula vya Singapore ulikuwa umetangulia mwaka 2020, na huko asubuhi yao maarufu ni tosti iliyopakwa kaya, mchanganyiko wa mayai, sukari na tui, pamoja na mayai yaliyochemshwa nusunusu na kahawa. Ukisema kopi unaletewa yenye maziwa mazito ya kopo. Kopi O haina maziwa. Ukiongeza kosong, haina sukari.

Tumbo na saa

Limebaki suala la kuumwa, ambalo ndilo huwarudisha wengi kwenye tosti. Hofu yao ina msingi, ila mara nyingi imeelekezwa mahali pasipo hatari. Chakula kinachochemka mbele yako na kumiminwa papo hapo kimepita kwenye joto linaloua vijidudu vingi, na muuzaji anayemaliza sufuria kabla ya saa 4 hana kiporo. Hatari zaidi hukaa kwenye vitu vilivyopoa: barafu ya maji yasiyojulikana, matunda yaliyomenywa zamani, majani mabichi yaliyooshwa kwa maji ya bomba, na chatne ya nazi iliyokaa wazi tangu alfajiri. Wali uliopoa nao una adui wake, bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na sumu yake inayosababisha kutapika haiondoki hata wali ukipashwa moto. Kwa hiyo uji unaotokota ni salama kuliko wali wa kukaanga uliopangwa vizuri mezani tangu alfajiri, hata kama wa pili umefunikwa kwa kioo kinachong'aa.

Kitu kingine kinachohesabiwa kuwa ugonjwa mara nyingi ni tofauti ya saa tu. Chennai wako mbele ya Dar es Salaam kwa saa mbili na nusu, Hanoi saa nne, Guangzhou saa tano, Tokyo sita. Unapokaa mbele ya bakuli Guangzhou saa 12 asubuhi, mwili wako unaamini ni saa 7 usiku, na tumbo lililoamshwa saa 7 usiku litakikataa hata kitumbua cha mama yako. Siku mbili za kwanza chagua vyenye maji na vilivyo laini, yaani uji, idli, mchuzi mwepesi, na uache pongal na maandazi ya mafuta mpaka siku ya tatu. Wenye kisukari wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya nilivyovitaja hapa ni mchele kwa sura nyingine, na uji uliorojeka hupandisha sukari haraka kuliko punje nzima; vada, yai, samaki na mbaazi za sambar ndivyo vya kuongeza sahani iwe na uwiano.

Namna ya kumpata muuzaji mwenyewe ni rahisi kuliko programu za simu zinavyotaka tuamini. Toka saa 12, tembea upande wa soko la mboga au kituo cha mabasi, na utafute mahali ambapo watu waliovaa sare za kazi wanakula haraka na kuondoka. Kaa jirani na mmoja wao, umwonyeshe muuzaji kwa kiganja, siyo kidole, bakuli unalolitaka. Uwe na noti ndogo ndogo. China wengi hulipwa kwa simu, hivyo uandae programu ya malipo kabla hujasafiri. Yule mama wa Hanoi nilimrudia kesho yake saa 12 kasorobo, giza halijaisha vizuri. Sufuria lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na mbele yangu kulikuwa na watu kumi na moja.